Salamu za Chepkemoi

Kabla sijamwona Chepkemoi kwa macho yangu nilikuwa nimeshajua kwamba kaka yake alivunjwa mguu na ng'ombe, kwamba aliteremka kutoka Olenguruone baada ya bwana yake kuleta mke mwingine, kwamba binti yake yuko shule ya bweni, na kwamba hakuna mursik, yale maziwa ya kibuyu, ya kushinda yake Nakuru yote. Sikuuliza mtu. Niliambiwa na watu barabarani, usoni kabisa, wakidhani mimi ndiye yeye.

Ya kwanza ilikuwa kwa mashine ya kusaga, hapa Rhonda. Nilikuwa nimesimama kwa laini na mahindi yangu, Abby amelala mgongoni, mama mmoja akanishika mkono akaanza kuzungumza Kikipsigis. Nikamwambia sielewi. Akacheka, akanipiga bega, akaendelea. Alipoona kweli sijibu, uso wake ukabadilika. Akaniambia kwa Kiswahili kwamba kama ni hivyo, sawa, lakini nijue mguu wa kaka yangu umepona na anatembea kwa fimbo. Akachukua unga wake akaenda. Mimi nina kaka mmoja tu na miguu yake haijawahi kuwa na shida.

Kwetu ni Ndabibi. Huko nilisoma mpaka darasa la nane, nikakaa nyumbani nikimsaidia mama shambani, kisha nikaolewa na Jerry ambaye ni fundi wa mawe. Alinileta Nakuru akanitafutia chumba kwenye ploti, na kabla hatujazoea hicho chumba kazi ikamwita akajenge kwenye mashamba ya maua. Ndabibi. Mimi nimetoka Ndabibi kumfuata Nakuru, na yeye yuko Ndabibi akila viazi vya mama yangu. Mtoto alipoanza kukaa mwenyewe nikaanza kusuka nywele barazani pa Safiyo, jirani yangu ambaye anauza chai na mandazi. Yeye amezaliwa Nakuru, na mama yake pia, na anajua kila mtu anayepita. Ni Chepkemoi tu Safiyo hakumjua, kwa sababu Chepkemoi anaishi upande wa Kaptembwo na wateja wake ni watu wa kwao.

Basi watu wakaendelea kunifananisha. Kwa duka la dawa za mifugo, ambapo nilikuwa nimeingia kujikinga mvua tu, mzee mmoja alinionyesha chupa akaniuliza kama ndiyo ile nilimwambia. Kanisani mama alisogea kwenye benchi akanipa nafasi, akanong'oneza kwamba yule mwanaume hajapata amani tangu nitoke kwake, na mke mpya hajui hata kuwasha moto. Kwa fundi wa viatu niliambiwa binti yangu ameonekana, amekuwa mrefu. Abby hakuwasumbua. Wengine walidhani ni mtoto wa jirani nimebeba, na mmoja alinipongeza kwa kupata mwingine.

Baada ya muda nilijua kuwatambua wakiwa mbali. Mtu anayenijua mimi humwangalia mtoto kwanza, kisha mimi. Anayenifananisha hunitazama usoni na huanza kutabasamu akiwa bado ng'ambo ya barabara.

Mwanzoni nilikuwa nawaeleza. Naitwa Wachuka, mimi ni Mama Abby, mimi ni wa Ndabibi. Lakini kueleza kulichukua muda, na wengi hawakuamini. Waliona nawachezea, au naficha kitu. Nikaamua heshima ni kuitikia. Mtu akinisalimia, Chamge, namjibu, Salama, mathe. Salama, mzee. Natabasamu na kuendelea na safari yangu. Nilidhani nimepata dawa.

Kliniki ya watoto iko ubavuni mwa zahanati, na benchi ni moja kwa wote, akina mama wa chanjo na wazee wa presha. Siku hiyo nilikuwa nimempeleka Abby sindano. Akaja mwanamke mzee sana, shuka begani, na kiondo ambacho alikibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. Akakaa karibu nami akaushika mkono wangu. Akaanza kuzungumza, polepole, kwa sauti ya chini. Hakuwa ananiangalia. Alikuwa anaangalia sakafu, na kwa hiyo nilijua si habari za mguu wa kaka.

Nilimwambia, "Shosho, mimi si Chepkemoi."

Kiswahili chake kilikuwa kidogo na alikitafuta.

"Usinifanyie hivyo," akasema. "Kiswahili ni ya polisi na ya duka. Mimi si duka."

Nikajaribu tena, nikamtajia jina langu na la baba yangu. Yeye akatikisa kichwa, akafungua kiondo, akatoa kibuyu. Kilikuwa cheusi kwa kuzeeka, mkanda wake wa ngozi umeshonwa kauri, na kauri moja ilikuwa imetoka ikaacha alama. Akakiweka mapajani mwangu. Nesi akaita jina la Abby. Nilimrudishia kibuyu chake, nikaingia. Abby alilia, nikakaa kule ndani nikamnyonyesha mpaka akatulia.

Nilipotoka, mzee hakuwepo. Kibuyu kilikuwa juu ya mfuko wangu wa nguo za mtoto.

Msichana aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi, mwenye mtoto mchanga, akaniambia mzee ameondoka kwa sababu gari la Olenguruone halingemngoja. Nikamuuliza alikuwa anasema nini. Akanishangaa.

"Si alikuwa anakuambia wewe?"

Nikamwambia mimi Kikipsigis sijui hata neno moja zaidi ya salamu. Msichana aliniangalia vizuri, huku na huku, kisha akaomba msamaha. Hata yeye alikuwa amedhani ni mimi. Alikuwa amewahi kununua mursik kwangu.

Akanieleza. Mzee alisema watu wa nyumbani wanajua Chepkemoi amewakasirikia. Tangu mwaka uanze, ukimsalimia sokoni, kanisani, stendi, popote, anakujibu kwa Kiswahili kama mtu asiyekujua, na anapita. Watu wakauliza kosa ni nini na hakuna aliyejua. Polepole wakaacha kumpelekea vibuyu awatengenezee mursik, kwa sababu maziwa yaliyotengenezwa na mtu mwenye kinyongo hayakai vizuri tumboni. Lakini mjukuu wa huyu mzee, Cheruto, ana koito mwisho wa mwezi. Upande wa kijana unakuja kumwomba na kuzungumza mahari. Wakwe hawawezi kupewa mursik ya dukani, na mikono ya kutengeneza imezeeka. Kwa hiyo yeye mwenyewe ameteremka na kibuyu cha mama yake, ameomba msamaha kwa niaba ya wote, na anaomba Chepkemoi asimkatalie.

"Nilidhani mmeelewana," msichana akasema. "Uliingia kwa nesi bila kumjibu, akasema ni sawa, mtu mwenye hasira hutaka muda."

Nikarudi nyumbani na mtoto mgongoni, mfuko begani na kibuyu mkononi. Njiani watu wengine walikitazama kile kibuyu wakaona ni kawaida kabisa.

Safiyo alipoona, akaacha kukanda unga. Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Leo umeachiwa kibuyu," akasema. "Kesho utaachiwa bwana, na huyo ana wake wawili tayari."

Akanishauri ninunue maziwa ya pakiti nijaze humo, watu wa koito wanywe waende zao. Alikuwa anatania, lakini alikifungua kifuniko akanusa, na baada ya hapo hakutania tena. Kilinuka moshi na kitu kingine, kama nyumba ya mtu. Akaniambia nimtafute mwenyewe kabla siku hazijaisha, maana alikuwa amesikia mursik hukaa kwenye kibuyu wiki na zaidi ndipo iwe mursik.

Kumtafuta mtu mnayefanana naye si rahisi kama kusema. Nilienda sokoni. Kila mtu aliyemjua Chepkemoi, nikimuuliza Chepkemoi anaishi wapi, alicheka. Mama mmoja wa mboga alimwita mwenzake aje asikie. Mwingine aliniuliza kama nimekunywa. Na wale ambao hawakucheka hawakumjua, kwa hiyo hawakunisaidia. Nikazunguka mpaka Abby akachoka na mimi nikachoka.

Nikiwa nimesimama kando ya barabara, mwendesha boda akasimamisha pikipiki mbele yangu. Jina lake, Jamleck, lilikuwa limeandikwa kwenye koti lake.

"Sasa, mathe wa mursik. Nikupeleke home?"

Nilikuwa nimefungua mdomo kusema si mimi. Nikaufunga.

"Nipeleke," nikamwambia.

Akanipeleka. Tulipita njia ambazo sikuzijua, yeye akinisimulia habari za timu yake ya mpira na kuniuliza mbona siku hizi sibebi mitungi ya maziwa. Tukafika kwenye ploti ya mabati ya buluu, akasimama mlango wa mwisho. Mlango ukafunguka, mwanamke akatoka na beseni la maji ya kuoshea vyombo.

Jamleck alimwangalia yule, akaniangalia mimi. Akazima pikipiki.

"Sasa nimebeba nani?" akauliza.

Chepkemoi alikuwa amesimama na beseni lake. Ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi, na ni mrefu kidogo, na ana mstari kando ya mdomo ambao mimi sina. Lakini paji la uso ni hili langu, pengo la meno ni hili, hata kusimama, mguu mmoja umelegea. Nilijisikia vibaya, kama mtu aliyekutwa amevaa nguo ya mtu mwingine. Akamwaga maji taratibu, akamwambia Jamleck aende, akanikaribisha ndani.

Vibuyu vyake vilikuwa vimetundikwa ukutani, midomo chini, vitupu. Kitandani kulikuwa na sanduku wazi, nguo zimekunjwa nusu. Nilimweleza kila kitu tangu kwa mashine ya kusaga. Alisikiliza akiangalia mikono yake.

"Wewe ndiye unaitikia watu kwa Kiswahili," akasema.

"Ndiyo."

"Na unatabasamu?"

"Natabasamu."

"Afadhali ungewatukana," akasema. "Ukimtukana mtu anajua umekasirika, anakuja mnazungumza. Lakini salama na meno nje, halafu unaenda zako? Hiyo ni kuringa. Hakuna dawa ya kuringa."

Yeye kwa upande wake alikuwa ameona wateja wakipungua bila kujua kwa nini. Kwanza waliacha kuja wa stendi, kisha wa kanisani. Alipokutana nao walimsalimia kwa Kiswahili, na yeye akadhani ni watu wa bwana yake wamemharibia jina. Hakuuliza. Ni mtu wa kunyamaza, niliona hivyo mara moja. Alikuwa ameshamwambia mwenye nyumba kwamba mwezi ukiisha anatoka, arudi Olenguruone kwa kaka yake, alime kipande atakachopewa. Alitoka huko akiwa mke aliyeletewa mwenza, na sasa angerudi akiwa muuzaji aliyekataliwa. Hivyo ndivyo alisema. Karo ya binti ingetoka wapi hakujua.

Nikamwambia kwamba sasa basi mambo yamepatikana, kibuyu hiki hapa, atengeneze. Nilidhani ataruka. Hakukigusa.

"Hiki sijapewa mimi."

"Mimi nimekuletea."

"Wewe si wake. Kibuyu cha koito mtu hukileta mwenyewe, akakuambia ni cha nani, akakuwekea mkononi. Ameshaweka mkononi mwako. Na msamaha ameshaomba, amekuomba wewe. Mimi nikichukua sasa nitakuwa nimeokota."

Hata hivyo alipiga simu. Cheruto akashika. Akasema Kogo, ndivyo wao huita nyanya, hasikii vizuri kwa simu, na hata hivyo Kogo alikuwa amefurahi, amesema walielewana kliniki. Chepkemoi akakata simu. Akasema akianza kueleza kwa simu kwamba aliyekuwa kliniki si yeye, watasema upweke wa mjini umempanda kichwani.

Abby alikuwa ameamka na kunyoosha mkono kwenye mkanda wa kauri. Nilimwondolea. Nikafikiria kile kibuyu kikirudi kwangu, kikae chini ya kitanda karibu na nguo za mtoto, na siku zikienda.

"Basi niambie nifanye nini," nikasema. "Nikikirudisha, ni Chepkemoi amekataa. Nikikaa nacho, ni Chepkemoi amekula kibuyu cha mama wa mtu. Hata nikikivunja hapo nje, si Wachuka amevunja. Chochote nitafanya, ni wewe."

Halafu akacheka kidogo kwa pua, akasimama, akachukua kibuyu kutoka mapajani mwangu. Alikigeuza, akakipiga kwa kidole, akasikiliza.

"Nitatengeneza," akasema. "Lakini tutaenda wote kukipeleka. Na hutakaa nyuma yangu. Utasimama kando, watu wahesabu."

Nilimwona akitengeneza. Aliosha kibuyu kwa maji ya moto, akakianika. Alikuwa na vijiti vya mti wa senetwet vilivyotoka kwao. Alichoma kimoja kikawa kaa, akakisugua ndani ya kibuyu kwa ufagio mdogo mrefu wa kuti, akisugua na kugeuza, kugeuza na kusugua, mpaka ndani kukang'aa kwa weusi. Akakung'uta jivu. Maziwa yalikuwa yamechemka na kupoa, akamimina kama mtu anayemnywesha mtoto dawa, akafunika. Akaniambia hapo sasa ni kukiacha, na mtu asikitikise kwa kutaka kujua. Niliporudi siku nyingine kumwona, tulikunywa chai tukiwa tumekipa mgongo.

Jerry aliniuliza kwa simu Olenguruone naenda kutafuta nini na mtoto kwenye ile baridi. Nikamweleza. Akasema, basi angalia wasikuoze wewe. Mama yangu sikumwambia. Watu wa rika lake walitoka huko juu siku za vita vya kikabila wakaacha nyumba, na hawapendi kusikia hata jina la hiyo njia. Mimi nilikuwa mtoto wakati huo. Nilimvalisha Abby sweta mbili na kofia, tukaenda.

Huko juu ukungu ulikuwa bado haujaondoka na ilikuwa karibu saa sita. Nyumbani kwa Kogo kulikuwa na hema moja, viti, moshi jikoni, akina mama wakipika na kuimba kidogo kidogo. Tulipoingia langoni, tumelingana, yeye na kibuyu na mimi na mtoto, kuimba kulikatika. Mtu jikoni aliangusha mwiko. Mwanaume mmoja aliyekuwa akipanga viti aliuliza ni nani kati yetu apewe chai, na mwenzake akamwambia awape wote, moja itafika kwa mwenyewe. Watu wakaanza kucheka, lakini si wote. Mama mmoja nilimtambua kwa jaketi lake la kijani, yule wa mashine ya kusaga. Alikuwa ameshika mdomo.

Kogo akaitwa. Akaja na fimbo yake, akasimama mbele yetu, akatazama huyu, akatazama huyu. Akaniuliza mimi kwanza.

"Wewe ni nani?"

"Wachuka, wa Ndabibi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, kogo."

"Ulisema kwa Kiswahili," akanilaumu, na hapo hata wale ambao hawakuwa wamecheka wakacheka.

Chepkemoi hakucheka. Alikuwa amesimama na kibuyu kifuani. Msichana mmoja alikuja kukipokea akipeleke ndani, akanyoosha mikono, na Chepkemoi hakumpa. Msichana akabaki hivyo, mikono mitupu. Kutoka barabarani tukasikia magari ya wageni yakipiga honi, wakwe wamefika, na akina mama wakaanza kufunga leso upya na kuangaliana. Kila mtu alijua mursik ya koito ile iko pale, ndani ya mikono ile, na kwamba haiendi popote bado. Mwanaume wa viti akasema kwa sauti ya kubembeleza kwamba hayo mengine yazungumzwe baadaye. Chepkemoi akakikaza kibuyu kifuani. Mimi nilitamani kuondoka, lakini nilikuwa nimeahidi kusimama kando, nikasimama.

Kogo angeweza kuamuru. Ni nyumba yake. Alimpa msichana fimbo yake, akaweka mikono yote miwili juu ya mikono ya Chepkemoi, hapo kwenye kibuyu, akasema. Sikuelewa neno, lakini niliyasikia maneno yaleyale ya kliniki yakipita kwa mpangilio uleule, na jina la Cheruto mahali pale pale. Hakuyafupisha kwa sababu ya wageni. Aliyasema mbele ya jikoni yote, mbele ya mwanaume wa viti na mama wa jaketi la kijani, huku honi zikiendelea. Alipomaliza Chepkemoi alijibu kwa maneno machache sana, na mikono yake ikalegea, na kibuyu kikabaki kwa Kogo.

Mambo mengine yalikuwa ya koito. Wakwe waliingia, wakakaribishwa, wakapewa. Mzee wa upande wa kijana alikunywa, akakiangalia kikombe, akarudisha kuongezewa. Mimi nilipewa kidogo kwenye kikombe cha plastiki. Ni kali, ina moshi, na rangi yake ni kama ya mawingu ya huko. Sijui kama niliipenda. Abby nilimwonjesha kwa kidole, akakunja uso wote akataka tena.

Walipomaliza kula, mama wa jaketi la kijani alikuja. Alizungumza na Chepkemoi kwa muda, wote wawili wakiangalia pembeni, kisha akaenda na kurudi na kibuyu kitupu. Baada yake akaja mwingine. Mmoja, nadhani ni kwa haraka, alikileta chake akakiweka mikononi mwangu akaanza kunieleza ni cha nani, nikamwonyesha mwenyewe kwa mdomo, nikashika tu huku anaeleza huko.

Tuliteremka stendi kungoja gari, vibuyu vimefungwa kwenye leso kuukuu aliyotupa Kogo. Mvua nyembamba ilikuwa imeanza. Nilimfunika Abby. Chepkemoi alisimama chini ya paa la duka, akatoa simu, akampigia mwenye nyumba wake. Aliongea naye kwa Kiswahili.

"Hicho chumba," akasema, "usimpe mtu."

Akasikiliza kidogo.

"Ndiyo, mimi. Ni mimi mwenyewe."